Mchanga Ndani ya Grese

Wakati ule wa vita, sisi wa Mulongwe tulilijua gari la askari kwa sikio. Ilikuwa kamyoneti waliyomnyang'anya mchuuzi wa samaki. Rulma ya mbele, ile inayozungusha gurudumu, ilikuwa imekwisha, gari likinguruma tangu ng'ambo ya daraja. Ukisikia, unabeba mtoto, unakimbilia matete ya ziwani. Jirani yangu mmoja, mguu wake mbaya, alichelewa. Walimpiga risasi mlangoni, ugali ungali motoni. Majina ya waliouawa mtaani kwetu ninayo yote, ila hapa siyaandiki.

Asubuhi moja askari walitangulia kwa miguu, gari likaja nyuma, wakamvuta mume wangu, fundi wa magari, toka chini ya kitanda. Kitako cha bunduki mdomoni, meno yakaanguka.

“Weye fundi,” mkubwa wao akasema, “hii kelele inatutangulia kila fasi. Tunakuta manyumba matupu. Leo inyamaze.”

“Rulma mpya sina, shefu.”

Wakamtupia moja pamoja na moye yake, kile chuma cha katikati ya gurudumu. Karatasi yake ilikuwa na damu.

“Mwenye duka alitupatia kwa roho safi,” mmoja akasema, wakacheka.

Mume wangu akanyanyua gari kwa kriki, akafungua gurudumu, akaigonga moye ya zamani mpaka ikatoka. Akipumzika tu, mtutu unamgusa kisogoni. Miye niliwaza jambo moja: binti yetu alikuwa na mimba ya kujifungua, na nyumba yake ndiyo ya kwanza ukivuka daraja. Gari likinyamaza, amekufa. Na njia ya kwake walikuwa wameifunga.

“Mama, leta grese!” mume wangu akaita.

Kopo lilikuwa nyuma ya jiko, karibu na mchanga wa mtoni wa kusugulia masufuria. Nikachota mchanga, nikaukoroga ndani ya grese kwa kidole. Alipoipokea kiganjani, aliusikia. Akaniangalia kidogo tu, halafu akaishindilia ndani ya rulma, akarudisha gurudumu.

Mkubwa akazungusha gurudumu kwa mkono. Kimya.

“Unaona? Ulikuwa unatuchezea.”

Wakaondoka bila sauti. Siku ile hawakuvuka daraja, walishika njia nyingine.

Siku chache baadaye tukalisikia toka mbali, upande wa Makobola. Halikunguruma tena, lilisaga, kama panga juu ya jiwe. Walipofika kwa binti yetu, pale darajani, walikuta jiko lina moto, mtu hakuna.

Wakaja kwetu moja kwa moja.

“Umetia nini mule?”

“Rulma ni yenu, shefu. Muulizeni mwenye duka.”

Wakaulaza mkono wake wa kuume juu ya jiwe, wakaupondaponda kwa ile moye ya zamani. Alilia kama ng'ombe anayechinjwa, lakini mimi hakunitaja. Akazimia, wakamwacha wakidhani amekufa.

Binti yetu alijifungua mle mateteni. Alipomleta mtoto, babu yake alinyoosha mkono wa kushoto kumpokea. Hakuna aliyemkemea.