Kitanda Kilichoshika Dar es Salaam

Bweni letu kule Karagwe lilishika Kigali bila kuombwa. Kampala nayo ilikuja yenyewe, hata redio ikiwa uvunguni. Dar es Salaam ilikuja kwa kudra, na mimi nilikuwa naitaka Dar es Salaam tu.

Dada yangu, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa ameolewa Tanga. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka huko alinipa habari kwamba dada ametuma kadi kwenye kipindi cha salamu cha Jumapili alasiri. Jina langu lingesomwa, na neno lake kwangu. Tangu aondoke sikuwa nimepata neno lake lolote, na nyumbani Isingiro kibanja kilipooza, migomba kwa mibuni. Nilikuwa na hamu naye mpaka chakula kikanishinda.

Basi kiangazi kile tukalipima bweni. Matroni alituazima redio yake baada ya kubembelezwa sana, na betri tukazianika juani zipate nguvu. Rafiki yangu, binti mbishi ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, aliibeba redio kitanda hadi kitanda huku mimi nikivuta waya wa antena. Mlangoni, kelele tupu. Katikati, Kigali. Kwenye kona ya upande wa migomba, waya ukigusa bati, Dar es Salaam ikaja safi kabisa. Tukahamisha vitanda. Mwenye kona alinuna, tukamwacha anune.

Jumapili zikapita, sikusomwa. Mvua za vuli zikaingia. Siku mtangazaji alipotaja shule yetu, kisha jina langu, mvua ilishuka juu ya bati kwa nguvu, sauti yake ikafunikwa. Tulikuwa tumepima kila kitu wakati wa ukavu. Sisi, watoto wa Karagwe, tulisahau mvua.

Rafiki yangu alilaza sikio kwenye redio. Aliponyanyuka nilimshika mkono.

“Amesema nini?”

“Amesema ule ushibe. Na mvua ikinyesha, umkumbuke.”

Kadi ile ilitumwa tangu kiangazi. Dada angejuaje habari za mvua? Nilijua nimetungiwa, nikasema asante.

Sikumwona tena dada yangu. Mpaka leo bati likianza kulia, naacha ninachofanya, nakaa, namkumbuka kama nilivyoagizwa.