Jora Lililoandikwa Haliuzwi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, si ile niliyooa, na hilo naomba lisimfikie mama watoto. Ni asubuhi moja ya masika. Mvua ilikuwa imekaa juu ya kijiji chetu siku ya nne, na mimi nimekaa dukani na blanketi mabegani, nasikiliza redio. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona mjanja. Ujanja wenyewe ulikuwa wa namna gani, nivumilie nianze nyuma kidogo. Sisi wazee hatuwezi kufika mahali bila kupitia kwingine kwanza.

Kijiji chetu kiko huku juu, ukishaipita Mlalo unaelekea Mtae, ukingoni kabisa. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu unaiona Mazinde kule chini, na ukiteleza vizuri unaweza kufika huko bila nauli. Wenzangu tuliomaliza nao kidato cha nne walishuka Tanga na Dar es Salaam kutafuta maisha. Mimi nilirudi kwa mama. Niliwaambia watu nimekuja kujenga kijiji. Ukweli nilikuwa napenda viazi vya mama, napenda kitanda changu, na nikilala kwingine naota ovyo.

Kwa kuwa nilijua kuandika, wakanipa ukarani wa duka la ushirika. Nyinyi hamkuliona duka lile. Ulikuwa unakuja na kadi ya kaya, unapewa sukari ya kaya, mafuta ya taa ya kaya, na kipande cha sabuni tulichokata kwa waya. Akina mama walikuwa wanafika ukungu haujaondoka, wanapanga vikapu vyao kwenye foleni, kisha wanakwenda kulima. Kikapu ndicho kilichosimama foleni. Sikuwahi kuona mtu amesogeza kikapu cha mwenzake, hata cha yule aliyegombana naye jana.

Usije ukadhani nakuimbia sifa za zamani. Tulifua kwa majani ya mpapai. Suruali yangu niliifunga kwa kamba ya katani, na viraka vyake vilikuwa vingi kuliko suruali yenyewe. Na mimi karani, mtoto wa juzi, nilikuwa mfalme mdogo. Msichana aliyecheka mzaha wangu alipata kipande cha sabuni chenye uzito kidogo. Ndiyo, mimi huyu. Kwa hiyo mtu akikuambia enzi zile watu wote walikuwa wema, mwambie kuna karani mmoja unamfahamu.

Ila lilikuwepo jora moja.

Lilikaa rafu ya juu kabisa, jora zima la bafta nyeupe, limefungwa kwa karatasi ya kaki, na kwenye karatasi limeandikwa kwa mkaa: HALIUZWI. Aliyeliweka ni Mzee Shemkai, mwenyekiti wa duka letu, mtu mfupi wa maneno machache, nyumba yake ya tatu kutoka dukani. Katika miaka ile ya dhiki kuna mama mmoja wa kijijini alifariki na sanda haikupatikana. Alizikwa kwa shuka kuukuu lililoungwa na mfuko wa unga, na maandishi ya mfuko yalikuwa bado yanasomeka. Mzee Shemkai aliyaona alipokuwa ndani ya kaburi anapokea mwili. Wiki iliyofuata akashuka Lushoto, akakaa kwenye benchi la ofisi siku tatu akiambiwa arudi kesho, na siku ya nne akapanda na jora kichwani. Akaweka sheria moja. Anayefiwa, Mwislamu au Mkristo, anakuja kukatiwa, hata kama hana kitu. Na kijiji kikigawiwa nguo tena, kabla hata khanga moja haijatoka, jora lile linarudishiwa kilichopungua. Waislamu walilifanya sanda, Walutheri walitandika ndani ya jeneza. Hakuna aliyeandikishwa popote. Watu walitembea barabarani wakijua tu kwamba liko pale juu.

Basi zikaja enzi za ruksa. Biashara ikafunguliwa, na vitu vikapanda mlima kama vilikuwa vinatusubiri pale Mombo. Mitumba, sabuni za rangi zenye harufu, betri, viatu vya mpira. Duka la ushirika likalegea, likakosa mzigo, mwisho kijiji kikaamua lipangishwe. Nikapanga mimi, maana nilikuwa nimeshazoea kile kiti. Mzee Shemkai alinikabidhi funguo mbele ya kamati, akanyoosha kidole rafu ya juu, akasema, "Na lile unalijua." Nikasema nalijua, mzee. Sikulijua.

Miezi michache baadaye akaja mfanyabiashara kutoka Mazinde, mcheshi, kofia upande, amebeba redio kaseti ya spika mbili inayong'aa. Mwanangu, mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na kwa mtu wa namna yangu redio ile ilikuwa dunia nzima inakuja kunitembelea bila mimi kuvaa viatu. Nikaitamani hadi nikakosa haya. Yeye akazungusha macho dukani, akaliona jora. Alikuwa anatafuta nguo nyeupe ya mapazia ya hoteli yake.

Nikamwambia lile hapana, limeandikwa haliuzwi.

Akacheka. "Basi usiuze, mgosi. Badilisha."

Tukacheka wote wawili. Mimi nilicheka zaidi, maana lile neno lilinikuna penye kidato changu cha nne. Ni kweli, halikuandikwa halibadilishwi. Nikajiongezea na sababu nyingine za msomi, kwamba dhiki imekwisha, bafta imejaa madukani kote, na nguo inayokaa rafuni bila kazi ni mambo ya zamani. Sababu zote nilizipata baada ya kuwa nimeshakubali. Nilipanda kwenye kiti, nikalishusha, nikapangusa vumbi, na pale pale lilipokuwa nikaiweka redio.

Sasa turudi kwenye asubuhi ya masika.

Mzee Shemkai aliingia amejifunika nailoni kichwani, maji yanamchuruzika miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba taratibu, kisha akasimama kama amesahau alichofuata. Wimbo ulikuwa unapiga kwa nguvu. Sikuupunguza mara moja, na hilo bado linanichoma.

"Mama Rehema ametangulia," akasema. "Alfajiri. Nishushie lile jora, mwanangu."

Mama Rehema alikuwa mkewe, aliyeishi naye tangu ujana wao. Nilizima redio. Yeye akanyanyua macho hadi rafu ya juu na kuyaacha pale. Nikamwona anatafuta rafu ya pili, ya tatu, halafu anarudi tena juu. Akanigeukia, na uso wake ukawa na wasiwasi ambao haukuwa wa msiba wake.

"Kafa nani mwingine? Mbona sikuambiwa?"

Mwanangu, nimewahi kutukanwa. Nimewahi kupigwa na baba kwa fimbo ya mti wa kahawa. Hakuna kilichonifika kama swali lile. Yule mzee, mkewe amelala ndani bado ana joto, alikuwa anajilaumu kwamba kuna jirani amefiwa na yeye hakwenda kumpa pole. Haikumpitia kabisa kwamba jora linaweza kuondoka pale kwa sababu nyingine.

Nikamwambia limekwenda Mazinde.

"Mazinde kuna msiba wa nani?"

Alitazama redio, akanitazama mimi, akavuta nailoni yake kichwani na kutoka.

Barabara ilikuwa imekatika tangu juzi, udongo umeshuka na kuifunga, basi halipandi wala halishuki. Nikafunga duka nikakimbia kwa miguu hadi kijiji cha pili. Mimi ninayekuambia, ambaye kwenda kisimani naita safari. Nilianguka mara nyingi nikawa rangi ya njia. Kule kulikuwa na maduka mawili ya watu binafsi, yamejaa hadi mlangoni. La kwanza lilikuwa na suruali za jinzi za mitumba, miwani ya jua na pipi. La pili lilikuwa na vitenge vizuri sana. Mwenye duka alinionea huruma akanieleza kwamba bafta haitoki, watu siku hizi hawaitaki, akajaribu kunipa kitenge chenye picha za tausi. Nikatazama zile rafu, mwanangu. Katika maisha yangu sikuwa nimewahi kuona vitu vingi namna ile mahali pamoja, na hakuna hata kimoja ambacho ungeweza kumzikia mtu.

Nilirudi mikono mitupu. Adhuhuri ilikuwa imepita. Pale msibani nikakuta wanawake wameshanizidi akili. Jirani wa Mzee Shemkai, Mama Eliza, Mlutheri, alikuwa amenunua kitambaa cheupe cha gauni la kipaimara la binti yake, bado hakijakatwa. Alikileta kimekunjwa kwenye gazeti. Walipomwuliza mtoto ataingiaje kanisani, alisema ataingia na gauni la bluu, Mungu anamfahamu kwa sura. Kitambaa kikawa kidogo, maana mwanamke wa Kiislamu anahitaji vipande vitano. Mwingine akaleta shuka, mwingine kanzu ya mume wake ikafumuliwa mishono. Mama yangu alileta shuka lake jeupe la pekee. Alinipita mlangoni bila kunitazama. Mimi nilikuwa na shuka moja, na lilikuwa na maua.

Shehe alisema kinachopatikana kinatosha, na kwa dini kilitosha. Lakini vile vipande havikuwa na weupe mmoja. Jeneza la msikiti lilipofunuliwa kaburini, kila mtu aliyeinama aliona. Aliyekuwa ndani ya kaburi kupokea ni Mzee Shemkai tena.

Nilimfuata siku ya tatu, baada ya hitima. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kuomba radhi, yana aya na aya. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Redio sikulaumu," akasema. "Na mimi nikiwa na umri wako ningeitaka. Ungekuja kuniuliza tu. Nyumba yangu si mbali."

Hayo tu. Afadhali angenichapa.

Barabara ilipofunguka nilikuwa wa kwanza kushuka. Redio niliiuza Lushoto, nikanunua jora jipya, bafta nzuri kuliko lile la mwanzo, nikaliweka rafu ya juu, nikaenda kumwambia. Alisema, "Asante, mwanangu." Hakuja kuliona. Kuanzia hapo hakukanyaga tena dukani kwangu. Tukikutana njiani nikimwamkia aliitikia vizuri, akauliza habari za mama, akaendelea.

Halafu watu wakaanza kuja mmoja mmoja. Anakuja mama mtu mzima, ananunua chumvi, anazunguka, anangoja wengine watoke. Kisha ananong'ona: nikatie bafta kidogo, ya kuweka ndani. Kesho mwingine. Baada ya wiki Mlutheri, baada ya mwezi mwingine. Katika miaka yangu yote ya duka hakuna nguo iliyotoka kama bafta. Nilikuwa nawakatia kutoka kwenye jora jingine nililoleta la kuuza, na kila niliyemkatia niliona anatupa jicho rafu ya juu, kisha analishusha upesi. Mzee Shemkai alipofariki, miaka kadhaa mbele, wanawe hawakuja kwangu. Sanda yake ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati, amekwenda kuinunua mwenyewe Lushoto na uzee wake ule.

Jora langu jipya halikuguswa na mtu. Lilikaa juu mpaka likageuka manjano, panya wakalianza upande mmoja. Na mpaka leo, ukiingia nyumba yoyote huku kwetu, kuna sanduku, na ndani yake kila mtu ana kifo chake peke yake. Wenyewe wanaita maendeleo, kila mtu kujitegemea. Labda ni kweli. Mimi ninachojua ni kwamba hawakufundishwa hivyo na soko wala na serikali. Niliwafundisha mimi, asubuhi moja, nikiwa nimekaa.

Nimekueleza haya, mwanangu, kwa sababu nawe unaingia kushika vitu ulivyovikuta. Leo ni shamba, kesho ni ofisi, keshokutwa ni kiti cha kamati. Sikuambii utamani foleni, mimi mwenyewe sizitamani. Nunua, uza, tajirika ukiweza, na ukitajirika unikumbuke kwa kilo ya sukari, nitaipokea bila kadi. Lakini ukikikuta kitu kimewekwa mahali na huoni kazi yake, usiseme hakina kazi. Vaa viatu, toka, nenda kwa aliyekiweka, umwulize kinamngoja nani. Na ukishakosea, omba radhi upesi na urudishe ulichochukua, ila usitegemee kwamba kitu kikirudi na watu watarudi. Unaweza kurudisha jora zima na bado ukabaki umechukua kitu ambacho dukani hakipo.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuzidishie riziki na akuzidishie na haya usoni. Akupe majirani ambao hutawahi kuwafungia mlango wala wao kukufungia. Akucheleweshe hapa duniani mpaka uchoke kwa raha zako, na siku yako ikifika, wawepo watu wa kukufunika bila mmoja wao kuuliza nguo itatoka wapi.