Tenga Lisilo na Ukingo

Shule niliacha darasa la pili, na sijawahi kuililia. Nyumba yangu ya Mgeta ina bati na sakafu ya saruji, na kila tofali lake limetokana na kabichi na nyanya nilizoshusha kichwani kwangu mwenyewe, kutoka shambani juu mpaka barabarani linaposimama lori la Fuso. Nasema mapema, asije mtu akadhani haya ninayoyasimulia yalinishinda kwa ujinga. Sikuyaelewa, hilo kweli. Lakini kutoelewa ni kitu kimoja na ujinga ni kitu kingine.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo. Siku moja akanijia na habari kwamba mjini Morogoro kuna masomo ya likizo, wiki chache tu, ya kuchora na kubuni vitu, kwa wanafunzi wa sekondari wanaotaka kwenda chuo cha sanaa.

"Kuchora nini?" nikamuuliza.

"Kila kitu, bibi."

"Kila kitu si kipo tayari? Mnakichora tena cha nini?"

Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwenye ukoo wetu mkubwa aliyebaki ni mimi. Baba yake alishasema ndiyo, lakini ndiyo yake peke yake haikutosha, na mwenyewe alijua. Mimi nilitaka mtoto asomee uuguzi. Muuguzi namjua, namwona anachofanya. Nikamwambia: "Nenda. Umesema watu wa chuo watatoka Dar siku ya mwisho kutazama kazi zenu. Wakikuchagua, nitanyamaza. Wasipokuchagua, unakwenda uuguzi, na neno kubuni nisilisikie tena humu ndani."

"Sawa, bibi." Tukashikana mikono kama watu wa sokoni.

Jumamosi ya kwanza alirudi nyumbani, nikamkuta uani amechuchumaa mbele ya ndoo.

"Inavuja?"

"Haivuji, bibi. Naitazama."

"Unaitazama ili iweje?"

"Ndiyo kazi tuliyopewa. Kukitazama kitu mpaka ukione."

Nikaingia ndani. Mtu ana macho mawili mazima, ndoo iko mbele yake, anasubiri kuiona. Nikasema kwa kazi hii hachaguliwi, uuguzi umeshafika.

Lakini wiki iliyofuata akaniomba nimfundishe kusuka tenga, hili letu la kupakia nyanya. Hapo nikafurahi. Tulikata mianzi, nikamwonyesha kupasua fito, kuanza kitako, kupandisha ubavu. Mkono wake mwepesi, kaurithi kwangu. Akafunga mzigo wa fito mbichi akateremka nao mjini, na mimi nikajisemea, kumbe wanafundishwa kitu cha maana.

Siku ya mwisho nilishuka na gari la kwanza. Nilifika kwenye lile jengo lao kabla ya wenyewe, yupo mlinzi tu anafagia. Akanipa shikamoo, akanifungulia. Ndani kulikuwa na kiti ambacho huwezi kukikalia, maana kimewekwa misumari. Kulikuwa na picha ya mwanamke asiye na uso. Katikati ya sakafu nikaliona tenga. Kitako nilikitambua papo hapo, ule ni mkono wangu. Ubavu umesukwa vizuri mpaka kufika kifuani, halafu basi. Fito zimeachwa wima, zimetawanyika huku na huku kama nywele za mtu aliyeamshwa usingizini. Ukingo hakuna.

Mtoto kazidiwa na muda! Na wageni wanakuja! Kwa mama yangu tenga lisilo na ukingo halikuwa linatoka nje ya uzio. Ilikuwa kama kutoka na kanga haijafungwa. Nikamwomba mlinzi ndoo ya maji.

"Umeruhusiwa lakini, bibi?"

"La mjukuu wangu hili."

"Haya. Mimi haya ya sanaa siyajui."

"Tuko wawili. Lete maji."

Nikalowesha fito, nikakaa chini, nikazipinda moja baada ya nyingine, nikazifunga ukingo ule wa safari, ambao hata wapakiaji wakilitupa halifunguki. Nilikuwa najifuta mikono mjukuu wangu alipoingia.

Alisimama mlangoni. Hakunisalimia.

"Bibi, umelimaliza."

"Nimelimaliza. Ungeaibika."

"Lilikuwa limeisha." Akalizunguka. Akagusa ukingo, akajaribu kuchomoa ufito mmoja, haukutoka. Halafu akanitazama, na sauti yake ikawa ndogo. "Umefanya makusudi. Ili nikasomee uuguzi."

Nimetukanwa na madalali, nimetukanwa na madereva. Sikuwahi kukosa jibu. Siku ile nilikosa. Maana nilijua sikufanya makusudi, lakini nikijitazama kwa macho yake naona kabisa bibi mmoja mjanja amewahi asubuhi na ndoo ya maji.

Wageni walikuwa wameshafika getini. Walikuwa wawili, mwanaume mrefu na mama mmoja wa miwani. Mwalimu wa wanafunzi, kijana mpole, akaja mbio, akaliona tenga, akashika kichwa. Muda wa kufungua haukuwepo. Yule mama wa miwani akalizunguka tenga mara moja.

"Zuri," akasema. "Lakini mazuri kama haya sokoni yamejaa."

Wakasogea kwenye kiti cha misumari, na hapo wakakaa muda mrefu. Walipotaja waliochaguliwa, jina la mjukuu wangu halikutajwa.

Tukatoka nje. Nilingoja alie, agombe, aniambie lolote. Akasema tu, "Sawa, bibi. Uuguzi."

Sasa nimepata nilichokitaka, si ndiyo? Mtoto amekubali, mkataba umetimia, hakuna wa kunilaumu. Mbona miguu ilikuwa haitaki kwenda stendi? Sijui. Nimejiuliza mpaka leo, sijui. Ninachojua ni kwamba niligeuka, nikawafuata wale wageni, wanaingia kwenye gari lao.

"Nyie. Ngojeni."

"Shikamoo, bibi," akasema yule mwanaume.

"Marahaba. Lile tenga mlilolikataa ni langu. Nimelifunga mimi leo asubuhi. La kwake hamjaliona."

Wakatazamana. Mama wa miwani akauliza, "La kwake lilikuwaje?"

"Baya. Halina ukingo."

Akacheka, lakini si kwa dharau. "Kwa nini aliliacha hivyo?"

"Mimi nitajuaje? Muulizeni mwenyewe."

Akaitwa. Akasimama pale, mikono nyuma, akasema alitaka mtu akilitazama aone mikono ikiwa bado inafanya kazi.

"Mikono ikiwa bado inafanya kazi, ndiyo kusema kazi haijaisha," nikamwambia.

"Ndiyo, bibi."

"Kwa hiyo tumekubaliana."

"Hapana, bibi."

Mama wa miwani akasema atengeneze jingine, alifikishe chuoni Dar kabla ya wiki kwisha, watalitazama. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Tukapanda Mgeta. Mianzi nilikata mimi, fito nikapasua mimi, yeye akasuka. Alipofika kifuani akaacha. Nikaondoka nikaenda kupalilia karoti ambazo hazikuwa na magugu.

Tenga lile halikuingia kwenye basi, fito zake zilikuwa pana mno. Likabidi lipande Fuso la nyanya, na hapo ndipo balaa. Wapakiaji wa kwetu hawawezi kuona tenga wazi wakaliacha. Wakalizunguka.

"Bibi, hili limekatika wapi?"

"Halijakatika. Pakia."

"Na mzigo wake?"

"Hauna mzigo. Pakia."

"Tukufungie ukingo basi, dakika moja tu. Watu watatucheka barabarani!"

"Atakayeligusa nitamkata kidole."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akasema bibi sasa anasafirisha hewa. Lakini nilimwona mwenzake amechomoa kamba mfukoni, mkono unamwasha, na nikajua nikiliacha peke yake na watu hawa litafika Dar limefungwa vizuri kabisa. Mjukuu wangu naye alijua. Akanitazama.

"Panda mbele, ukae na dereva," nikamwambia. "Mimi nakaa na tenga."

"Bibi, huko juu? Kwa umri huo?"

"Umri wangu unakuhusu nini?"

Nikapanda juu ya nyanya, nikajifunga kanga kichwani, nikalikumbatia lile tenga. Kila Fuso liliposimama, njiani Morogoro, Chalinze, kule kwenye mizani, mtu alikuja na kamba. Mpakiaji, muuza mahindi, hata askari mmoja. Wote wanataka kunisaidia. "Bibi, tenga lako halijaisha." Na mimi, ambaye ningesema vilevile, nikawa nawajibu, "Limeisha." Nililisema neno lile safari nzima na sikuliamini hata mara moja.

Chuoni yule mama wa miwani alilizunguka kwa muda mrefu, akaandika, akamwambia mjukuu wangu nafasi anayo, matokeo yakitoka vizuri. Mtoto akanirukia shingoni, karibu tuanguke. Nilimuuliza yule mama, jamani, mmeona nini humo? Akanieleza, tena kwa adabu na kwa maneno mazuri. Niliitikia kila alipopumua.

Nikasimama pale pembeni na mikono yangu nimeikunja kwapani isije ikafunga ukingo, naziangalia zile fito.