Mlango wa Shato

Siku ile ya mwisho kwenye veranda ya Shato, nyumba tuliyoiita kwa neno la Kifaransa la ngome, tulikuwa sita: mwenye nyumba, mke wake, dereva wao, mimi na wadogo zangu wawili. Niliwakumbuka wote wiki iliyopita, nilipopita njia ya Naviundu nikakuta mnara wake wa mwisho umebomolewa, matofali yamepangwa kando ya barabara yakingoja mnunuzi.

Kama ulikulia upande ule, huwezi kuwa umeisahau. Mwenye nyumba alitoka Kivu, akaanza kwa kuuza samaki wa chumvi katika soko la Kenya, mtaa wa mji wetu, mpaka akawa na malori. Alipotaka kujenga, aliwapa mafundi kopo la biskuti lenye picha ya ngome ya Wazungu, akasema anataka ile. Matofali yalichomwa papo hapo, kwa udongo wa kichuguu kikubwa cha kiwanjani. Minara miwili ikapanda, myekundu, ikang'aa kila baada ya mvua. Hapo fundi mkuu akauliza, "Patron, na kule nyuma iko namna gani?" Kopo lilionyesha mbele tu.

"Nyuma njo kwa bibi na sufuria zake," akajibu, maana yake nyuma ni pa mke wake. "Weka mabati."

Basi mbele ilikuwa ngome, nyuma nyumba kama zetu, yenye moshi na harufu ya sombe, majani ya muhogo. Mimi niliipenda zaidi nyuma. Baba yangu, seremala, ndiye aliyechonga mlango mkubwa wa mbele kwa mti wa mulombwa. Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, niliacha shule nikauza makala, yaani mkaa. Mke wa mwenye nyumba alitupokea mimi na wadogo zangu, akatulisha kule jikoni, na hakuuliza hata mara moja tutaondoka lini.

Kisha askari wakaanza kupora mji, na raia wakawafuata. Watu walibeba mpaka mabati. Mwenye nyumba alipakia lori lake, halafu, sote tukiwa kwenye veranda, akaung'oa ule mlango kwa mikono yake.

"Hawa watauchoma kuni," akaniambia. "Beba, mutoto. Utanichungia mupaka nirudie."

Wao wakaondoka na lori; mimi na wadogo zangu tuliusukuma mlango kwa mkokoteni hadi Ruashi, kwa shangazi. Njaa ilipokaza, mfanyabiashara mmoja akautaka kwa magunia mawili ya unga. Nilikataa.

"Yaya, tutakula mulango?" mmoja wa wadogo zangu akauliza; yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

"Iko na benyewe," nikajibu, maana ulikuwa na wenyewe.

"Benyewe beko wapi?"

Niliugeuza mlango uelekee ukutani. Unga ule niliuota kwa muda mrefu.

Hawakurudi. Nilipojenga, nilipandisha ukuta kwa kipimo cha mlango, ndiyo maana nyumba yangu ndogo ina mlango wa tajiri, na wapita njia hucheka. Wengine huniambia: aliuchonga baba yako, ni wako. Lakini baba alilipwa kazi yake, tena vizuri. Mimi niliambiwa nichunge.

Sasa Shato yenyewe haipo, na sijui nitaurudisha wapi. Kila mwaka naupaka mafuta. Na hadi leo, ufunguo ukiwa mkononi, nabisha hodi kabla ya kuingia kwangu.