Kijani cha Ursule

Mtu akikuambia Ursule ni kichwa kigumu, usibishane naye. Mimi Micheline, fundi cherehani wa hapa Mangobo, ni jirani yake miaka kumi na minne, na hicho kichwa nakijua vizuri. Lakini alichofanya Jumamosi ya mahari ya Déborah, asiniambie mtu kwamba ni ukaidi. Nitagombana naye mchana kweupe.

Ursule anauza samaki wakavu wanaotoka kwao Yanonge. Mume wake Emile alifariki akamwachia binti mmoja, huyo Déborah, na tangu hapo mambo ya ukoo yakawa mikononi mwa François, kaka mkubwa wa Emile. Bon, nasema François kwa heshima tu. Yalikuwa mikononi mwa mke wake, Lucie.

Huku kwetu karamu bila sare si karamu. Ukoo unachagua liputa, kitenge kimoja, na kila mwanamke ananunua hicho hicho na kushona. Lucie alichagua cha zambarau chenye ndege, akapita nyumba kwa nyumba kutangaza. Alipofika kwa Ursule nilikuwepo, nampima Déborah gauni.

"Ya Lucie, mimi sinunue," Ursule akasema, na hilo Ya la dada mkubwa akalitamka kwa adabu. "Sanduku yangu imejaa maliputa ya sherehe. Kila moja nilivaa siku moja tu."

"Basi utaikala nyuma na majirani. Asiye na liputa ya famille hataikala mbele, ata kama iko mama."

"Ata kama iko mama?"

"Ata."

Mjue uzito wa neno hilo. Siku ya mahari mama wa binti ana kiti chake mbele ya watu wote, na wakwe wanamwekea beseni la zawadi miguuni. Mama asiyekaa pale ni kama hakuzaa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Lucie alitaka kuukalia uchungu wa mwenzake.

Mimi nilikuwa mwoga, nakiri. Nilikuwa nashona sare zote za Lucie. Nikamwambia Ursule nina vipande vilivyobaki, naweza kumuungia hata blauzi, mambo yaishe. Akaniangalia. "Micheline, na weye?" Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula.

Kesho yake asubuhi akaniita. Alikuwa amemwaga sanduku zima juu ya mkeka uani: za arusi, za matanga, za jubilei ya kwaya, na mitumba yake ya kila siku. Alikuwa anapanga mafungu kwa rangi. Nyekundu huku, buluu kule. Fungu la kijani lilishinda yote.

"Nitavaa rangi moja," akasema, "toka kichwa mpaka miguu. Na yote ni yangu."

"Aka! Kijani hizi hazifanani, Ursule. Hii ni majani ya pondu mbichi, hii pondu iliyopikwa juzi."

"Ndiyo maana nilikuita. Weye si fundi?"

Alinichokoza, na mimi nikichokozwa hivyo siwezi kuacha kazi ilale. Tukaweka nzito chini, nyepesi juu. Sketi ikatoka kwenye kijani cha giza cha arusi fulani. Liputa la jubilei lilikuwa na maua makubwa yenye kelele, nikaligeuza ndani nje. Upande wa nyuma maua yamefifia, kijani kimetulia, likawa blauzi nzuri ajabu. Kitambaa cha kichwa kilikosekana. Ursule akaingia ndani, akatoka na shati la Emile la kijani, akanipa. Nikalikata huku tunalia sote wawili. Alipovaa yote, Mungu wangu! Nilipiga makofi peke yangu pale uani.

Jumamosi, ua wa lopango la François ulijaa zambarau na ndege. Lucie alikuwa mbele, kwenye kiti cha mama, ameketi kabisa. Ursule aliingia na kijani chake, watu wakageuka, akaonyeshwa viti vya nyuma. Akaketi, mgongo umenyooka. Mimi nikaketi kando yake, hasira imenijaa, na sare nilizoshona kwa mikono yangu zikanichukiza.

Mbuzi wakaonyeshwa, chumvi ikaonyeshwa. Papa Ruffin, msemaji wa upande wa bwana arusi, akaleta beseni, akaliweka miguuni pa Lucie. Lucie akatabasamu. Kisha likabaki lile swali analoulizwa binti, ambalo bila jibu lake hakuna mahari. François akasimama.

"Déborah, binti yetu, vitu ni hivi. Tupokee?"

Kimya. Watu wakacheka, wakasema ana haya.

"Déborah, tupokee?"

Kimya tena. Sasa hakuna aliyecheka. Papa Ruffin akapangusa jasho. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho; binti akinyamaza, wageni wanarudi na mbuzi wao.

"Déborah! Tupokee?"

Akainuka. "Papa François, mimi sitajibu. Mama yangu iko nyuma na majirani. Nyinyi mulipeleka beseni yake kwa nani?"

Weee! François akamwangalia mke wake, akamwangalia Ursule. "Ursule, kuya mbele."

"Ajifunge hii kwanza!" Lucie akarusha kipande cha zambarau. "Ata kwa bega tu!"

Ursule alikuwa tayari anatembea katikati ya viti. Hakukiokota. "Ya Lucie, mimi nilikuya nimevaa."

Akasimama mbele ya kiti chake, akangoja. Alingoja hadi Lucie akainuka. Ndipo akakunjua sketi yake, akaketi, na Papa Ruffin akalisogeza beseni mwenyewe, amepiga goti, anaomba msamaha.

François akakohoa. "Alors, Déborah, nauliza tena..."

Ursule akainua mkono. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke akiuliza swali lile, ni la wanaume wa ukoo.

"Papa François, pumuzika. Hii nitauliza mimi." Akamgeukia binti yake. "Mutoto yangu, tupokee?"

"Mupokee, mama."