Mkono wa Usukani Nilioupoza kwa Maji

Sijaisahau Alhamisi ile, mwanangu, ingawa sasa nimeishi Doha miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu Tanga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, fundi wa kuchomelea katika gereji iliyokuwa ndani ya shamba huko Umm Salal. Mwenye shamba, kijana wa Kiqatari, alikuwa na wazimu wa magari ya mashindano ya mbio fupi, yale marefu membamba, na alitaka tumuundie lake kwa vyuma vya magari mabovu.

Sehemu ya mbele niliachiwa mimi. Nilikata ekseli ya gari kuukuu, nikaifunga magurudumu membamba, nikaunganisha usukani. Nilijiona bingwa kweli, Mungu anisamehe. Kilichosumbua ni mkono wa usukani, kile chuma kifupi kinachoyageuza magurudumu, maana ulikuwa ukigusa fremu. Jumatano, fundi mkuu wetu, Mzee Athumani, akaniambia niupashe moto, niupinde, kisha niuzike kwenye mchanga mkavu upoe taratibu hadi asubuhi. Alikuwa ameshatufundisha kwamba chuma cha aina ile kikipozwa ghafla hukakamaa, na huweza kukatika.

Jumatano ile nikapitiwa. Nilikuwa napaka ekseli rangi, naipendezesha kama bibi harusi. Alhamisi asubuhi ndipo nilipokumbuka, na mwenye gari alikuwa anakuja alasiri. Nikaupasha, nikaupinda, nikautumbukiza kwenye ndoo ya maji. Nikaupaka rangi nyeusi, nikaufunga.

Mzee Athumani akapita, akainama kuutazama.

"Uliuacha upoe wenyewe?"

"Ndiyo, Mzee."

Akaniamini, akaenda zake.

Gereji yetu ilikuwa na desturi: aliyefunga usukani ndiye anayeliendesha gari mara ya kwanza. Zamu ilikuwa yangu. Alasiri ilipofika nikaogopa kulipanda, nikasingizia kuumwa tumbo. Rafiki yangu Wafula, Mkenya wa Bungoma tuliyelala naye chumba kimoja, akaniangalia kwa huruma.

"Wewe pumzika, bro," akasema. "Mi nitaipeleka polepole tu."

Ningeweza kusema hata pale, mwanangu. Nilizidi kushika tumbo lisilouma.

Alianza polepole kweli. Mwenye gari akampungia mkono aongeze, naye akaongeza. Mkono wa usukani ukakatika, gurudumu moja likaelekea huku na jingine kule, gari likaupiga ukuta wa shamba. Wafula alikata roho kabla hatujamtoa.

Siku ya tatu Mzee Athumani aliniita akiwa na kile kipande kilichokatika. Nilijua atanifokea, na nilitamani anifokee. Akakiweka mezani.

"Maji ningekusamehe," akasema. "Ujinga naufundisha kila siku. Lakini mimi nilikuuliza."

Hakunisemesha tena mpaka aliporudi kwao.

Mama yake Wafula bado hunipigia simu kila Krismasi. Hunishukuru kwamba niliuosha mwili wa mwanawe na kuusindikiza hadi uwanja wa ndege, na huniita mwanangu, kama ninavyokuita wewe. Hajawahi kuniuliza ilikuwaje. Nami sijamwambia, na kila mwaka sauti yake inazidi kuwa ndogo. Naona aibu kukushauri jambo ambalo mimi mwenyewe bado linanishinda, ila huu ndio ushauri nilio nao.

Ukikosea kazini, sema chuma kikiwa bado mezani, mtu hajakikalia. Utatukanwa, labda utafukuzwa, na utalala. Ukiulizwa swali na mtu anayekuamini, mjibu kama ilivyo, maana hutajua ni nani atakayelipanda jibu lako kama gari. Mungu akujalie ujasiri nilioukosa, mwanangu, na akuepushe na kushukuriwa usikostahili.