Filamu nne za kigeni za kuangalia, na jinsi nilivyozitafsiri bila kumruhusu mtu afe

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Humu ndani tunapendekezana filamu kila wiki, na kila wiki ni zilezile za Marekani. Leo nataka niwape za lugha za kigeni, zile ambazo huambulii neno hata moja mpaka usome maandishi ya chini. Ila siwezi kuzipendekeza bila kueleza nilivyoziangalia, kwa sababu bila hicho kisa mtaona najifanya msomi tu.

Kila nitakachosema kilitokea. Sehemu nyingine zinaniaibisha mwenyewe, lakini nimeziacha.

Majina ya filamu siyaweki, kwa makusudi. Nikiyaweka mtakimbilia kusoma summary mtandaoni. Anayetaka aulize kwenye comment.

Twende.

Mwaka 2021 nilikuwa nimepanga chumba Smithfield, magharibi mwa Sydney, nyumbani kwa jamaa mmoja Mrundi anaitwa Deo. Deo anafanya kazi aged care, anahudumia wazee. Mimi degree ninayo, lakini degree yangu na soko la ajira la hapa vilikuwa bado havijafahamiana, kwa hiyo nilikuwa warehouse. Naingia saa kumi na moja alfajiri, natoka saa saba mchana.

Mtu wa tatu ndani ya nyumba alikuwa mama yake Deo. Mama aliishi kambi ya wakimbizi Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Australia, kwa hiyo Kiswahili anakiongea, kwa namna yake. Kiingereza hapana.

Ikaja lockdown. Eneo letu lilibanwa kuliko mengine: mgeni haingii ndani, kilomita tano huvuki, helikopta ya polisi inazunguka juu kama vile tumeiba kitu.

Siku ya mwisho kabla maktaba ya council haijafungwa, nilibeba DVD ishirini na kitu kutoka rafu ya lugha za dunia. Nilikuwa na swali moja linanisumbua. Kila mtu anasema binadamu wote ni wamoja. Ni kweli, au ni maneno ya kwenye mabango? Nikasema nitaangalia mwenyewe, nchi kwa nchi.

Nilianza na ya Iran. Inahusu fundi wa lifti na bibi mmoja anayekaa ghorofa ya tisa. Lifti imeharibika, spea hazipatikani, na bibi ameapa hatashuka kwa ngazi. Kila siku fundi anapanda ngazi kumwambia "kesho". Ndiyo filamu nzima, na nawaambieni sikupepesa macho.

Niko katikati, mama akatoka jikoni, akasimama nyuma ya kochi.

"Huyu anasema nini?"

Nikamweleza.

"Na yule?"

Nikamweleza.

"Bon. Sasa mbona unasoma peke yako kama padri? Soma kwa nguvu."

Akakaa. Tangu siku hiyo, kila mchana nikitoka kazini, nilikuwa mtafsiri.

Hapa niweke jambo kando kidogo. Wengi wetu tumekulia kwenye mabanda ya video, muvi inacheza na jamaa ana maikrofoni anatafsiri. Nilipofika chuo nikaanza kuwadharau hao jamaa. Wanaongeza utani, wanampa mhusika jina la mtaani, na pale wasipoelewa wanatunga. Nilikuwa nasema huo ni uongo kwa mtazamaji na matusi kwa msanii.

Mama naye alikuwa ameangalia muvi za namna hiyo kambini, na alitaka vilevile. Nikisoma kwa ukavu ananikatisha. "Wewe unatangaza habari? Weka roho!"

Basi nikaweka roho. Fundi wa lifti akaitwa Masumbuko. Bibi wa ghorofa ya tisa mama mwenyewe alimpa jina la mwanakwaya mmoja wa kanisani kwao anayeringa, na kila bibi akikataa kushuka, mama anapiga paja na kusema, "Ndiye! Ndiye kabisa huyo!"

Mwanzoni watu walikufa vizuri tu. Kwenye ya Mali, inayohusu fundi cherehani anayeshona gauni la bibi harusi ambaye hajawahi kumwona, baba wa bibi harusi anafariki katikati. Nilitafsiri kama ilivyo. Mama akasema "pole yake", tukaendelea.

Ile ya Mali iangalieni kwa ajili ya sauti tu. Kuna dakika kadhaa hakuna anayeongea, ni cherehani peke yake, na unajua kabisa fundi anawaza nini. Nimeshindwa kuelewa waliwezaje.

Sasa kisa chenyewe.

Jioni moja Deo alirudi kazini akanivuta gereji, akafunga mlango. Dada mkubwa wa mama, anaitwa Consolata, alikuwa amefariki Bujumbura. Huyo ndiye mama aliyekuwa akiongea naye kwa video kila Jumapili baada ya ibada, saa nzima, wakicheka.

"Ndugu yangu, naomba usimwambie," Deo alisema.

"Utamwambia wewe lini?"

"Watu wakiruhusiwa kuingia. Kwetu mtu hapewi habari ya hivi peke yake. Watu wanakuja kwanza, wanakaa, mmoja anamshika mkono, ndiyo anaambiwa. Sasa hivi nani ataingia?"

"Deo, hii lockdown inaisha lini?"

"Sijui."

"Je, ikiisha Krismasi?"

"Basi nitamwambia Krismasi."

Mnanijua mimi kwa kubishana. Nilimuuliza maswali yote. Haki ya mama kujua iko wapi? Akisikia kwa mtu mwingine kwenye simu? Desturi ilitungwa kwa ajili ya mtu, au mtu kwa ajili ya desturi? Deo alinisikiliza mpaka mwisho, bado amevaa sare ya kazi, halafu akasema kitu kimoja tu.

"Wewe mama yako yuko hai. Naomba."

Nikakubali. Jumapili Deo akamwambia mama kwamba network ya Bujumbura ni mbaya. Jumapili iliyofuata, vilevile.

Kesho yake baada ya mazungumzo ya gereji niliweka filamu ya Mexico. Daktari wa meno mwanamke anazunguka vijijini na kiti chake cha kung'olea meno kimefungwa nyuma ya pickup. Nzuri sana, inachekesha, na kile kiti kikiwa kimesimama peke yake katikati ya shamba la mahindi ni picha ambayo hamtaisahau. Katikati mume wake anafariki.

Nikaangalia maandishi. Nikamwangalia mama. Mdomo wangu ukasema: "Mume wake kasafiri kikazi."

Mama akaitikia "mm."

Nikajiambia ni mara moja tu. Lakini jamani, mmewahi kuhesabu ni filamu ngapi za dunia hii hakuna anayekufa? Mimi nilikuwa nahesabu kwa hofu. Mama akaomba turudie ile ya Iran kwa sababu alimmiss yule mwanakwaya wake. Mara ya kwanza alikuwa ameitwa na simu kabla haijaisha, hakuuona mwisho. Mwisho wake ni kwamba lifti inapona, fundi anapanda nayo mpaka juu, anagonga, na bibi hafungui tena.

Nikatafsiri: "Bibi kahamia kwa mwanawe."

Niliyekuwa nawaponda wenye maikrofoni sasa nilikuwa nimewapita. Wao walau walikuwa wanamwacha adui afe.

Kuna kitu nilikiona na sikukitilia maanani. Jumapili ya tatu mama hakuuliza habari za network. Alitoka kanisa la kwenye Zoom, akaenda kumenya viazi.

Ya nne ni ya Korea, na ndiyo iliyonimaliza.

Ni mama anayeuza mwani uliokaushwa sokoni, na mwanawe yuko mjini. Kamera haiingii ndani ya nyumba yake hata mara moja. Kila asubuhi tunaonyeshwa kizingiti cha mlango, na pale chini ndala zake mbili za mpira za rangi ya zambarau. Anazivaa, anaondoka. Anarudi, anazivua. Mwisho wa filamu asubuhi inafika na pale kizingitini kuna viatu vingi, vyeusi, vimepangwa. Mwanawe anafika kutoka mjini, anavua kiatu kimoja, anashindwa kuvua cha pili.

Maandishi yalikuwa machache. Nikaona nimepona. Nikasema kwa uchangamfu kabisa: "Mama anahamia mjini kwa mwanawe, hawa ni majirani wamekuja kumuaga."

"Simamisha."

Nikasimamisha.

"Ile viatu ni ya watu wangapi?"

"Wengi, mama."

"Na yake iko wapi?"

Nikaangalia. Ndala za zambarau zilikuwa palepale, pembeni, zimesukumwa na viatu vya wageni.

"Mtu anahamia mjini miguu mitupu?"

Nikaiweka rimoti mezani.

"Mwanangu, mimi Kikorea sijui, na Kiingereza sijui. Lakini macho ninayo. Mume wa yule wa meno kasafiri. Bibi wa lifti kahama. Huyu naye kahama. Dunia nzima inasafiri, na ndege zimefungwa! Mimi hata hapo Rooty Hill kwa mama mchungaji siwezi kufika!"

Hapo alicheka kidogo, wakuu. Kweli alicheka. Halafu uso ukabadilika.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumwambia yote, kwa sababu ndiyo imani yangu, ukweli usemwe. Akaniwekea kiganja mbele.

"Hapana. Wewe usiseme. Si kazi yako. Deo anatoka saa ngapi?"

"Saa kumi."

Ilikuwa saa nane na nusu. Kwa saa moja na nusu yule mama hakulia. Alinituma nitoe meza ya kahawa sebuleni. Tukasogeza kochi ukutani. Akaleta godoro lake chumbani, tukalitandika chini kama inavyofanywa penye msiba. Akaoga, akavaa kitenge, akafunga kichwa, akakaa kwenye godoro. Halafu akanionyesha nafasi pembeni yake.

"Kaa. Wewe ndiwe watu."

Deo alipofungua mlango na kuona sebule ilivyo, begi lilimponyoka mkononi. Hakuna aliyehitaji kueleza. Alipiga magoti palepale kwenye kapeti na viatu vyake vya kazini, akasema kwa Kirundi, nami nilielewa jina la Consolata tu. Mama alinyoosha mkono bila kuniangalia. Nikaushika. Ndipo alipolia, na Deo akalia, na mimi pia, kwa mtu ambaye sijawahi kumwona.

Baadaye, wametulia, Deo alimuuliza alijua tangu lini.

"Jumapili ya tatu. Consolata hawezi kukosa network Jumapili tatu. Angepanda juu ya mti."

"Mbona hukuniuliza, mama?"

"Nikikuuliza utalia. Na watu hawaruhusiwi kuja. Nani angekushika wewe?"

Yaani kila mmoja alikuwa anangoja lockdown iishe kwa ajili ya mwenzake. Na mimi katikati, na rimoti yangu, nahamisha marehemu kwenda mjini.

Kanisa lilikuja kwa simu. Mama mmoja wa kanisa anayekaa Seven Hills aliongoza nyimbo kwenye video, sauti zinapishana kila mtu na spidi yake ya internet. Siku ya pili jirani yetu, mama mtu mzima wa Kiashuri kutoka Iraq, aliona tumekaa nje kimya. Sijui alijuaje. Alileta kahawa chungu isiyo na sukari, akaiweka juu ya uzio, akarudi hatua tatu nyuma, akavaa barakoa, akaanza kuongea kwa lugha yake. Mama akamjibu kwa Kirundi. Waliongea hivyo kama dakika ishirini. Nilikuwa nimeshazoea kazi yangu, nikasogea nione kama naweza kusaidia. Hakuna aliyegeuka.

Baada ya wiki mbili mama mwenyewe aliomba zile filamu zirudiwe, zote, na safari hii nisome kilichoandikwa. Kwenye ya Korea hakuniruhusu niongee kabisa.

Nilichojifunza.

Kwanza, ukitaka kujua kama filamu ya kigeni ni nzuri, zima maandishi dakika kumi za mwanzo. Ikikushika, yawashe tena. Isipokushika, maandishi hayataiokoa.

Pili, kuhusu lile swali langu la binadamu wote. Sijapata jibu. Najua tu kwamba mwanamke wa Burundi alisoma kizingiti cha Korea vizuri kuliko mimi niliyekuwa na subtitle.

Tatu, bado siamini kwamba kumficha mtu msiba ni sawa. Lakini zamani nilidhani ni woga. Sasa nikikumbuka ule mkono, sina uhakika tena, na si kawaida yangu kusema hivyo, wanaonijua humu watathibitisha.

Kwa hiyo wakuu, nawasikiliza. Kwenu habari ya msiba hutolewaje, na wakati wa corona mlifanyaje? Na mnipe filamu za kigeni, nchi yoyote, maana bado nakaa kwa Deo na mama anadai mpya kila wiki. Polisi na majambazi hataki. Anataka za watu wa kawaida, zenye jiko na mlango.

Na kama kuna anayekufa, kasema afe.